Pampu ya majitaka inaziba kila mara kwa waipsi za wageni, tununue ya kusaga au?

MtuWaBangwe

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada hasa wa mafundi pampu na wale mnaoendesha loji au gesti.

Niko Kigoma mjini, nasimamia loji ya kawaida tu upande wa ziwani. Kiwanja chetu ni mteremko, mapokezi na jiko viko juu karibu na barabara, vyumba vingi viko chini ili mgeni akifungua dirisha aone ziwa. Septiki haikuwezekana kuijenga chini, ukichimba kidogo tu umekutana na maji, na ziwa lilivyopanda 2024 ndo kabisa. Kwa hiyo septiki iko juu, vyumba vya chini vinamwaga kwenye chemba ya kukusanyia halafu kuna pampu ya kuzamisha inasukuma kwenda juu.

Shida ni waipsi, vile vitambaa vya unyevu vya kujifutia vya kwenye pakiti. Wageni wanaoenda Gombe wanakuja na mapakiti yao, wenye watoto nao wanazo, na siku hizi hata maduka ya Mwanga hapa mjini zimejaa za kila aina. Mtu anajifuta anaflashi. Pampu inavuma afu breka inaruka, anaitwa fundi, anaivuta juu anakatakata yale madude na kisu anairudisha, tunakaa kidogo tu tuko palepale. Ikikwama usiku majitaka yanarudi bafuni kwenye chumba cha chini kabisa, mgeni anashusha miguu kitandani kwenda kuoga anakuta maajabu. Hapo unarudisha hela na maneno unapewa juu.

Matangazo tumebandika kiswahili, kiingereza na kifaransa kwa ajili ya wageni wa Burundi na Kongo, ila ni kama tumeandikia ukuta. Sasa fundi anasema dawa ni pampu ya kusaga, ile yenye visu. Bosi bei imemshtua ila yuko tayari kama itamaliza tatizo. Kabla hajatoa hela, kuna mtu anayo hapa? Inamaliza kweli? Iliyopo ni ya fezi moja, bomba la kupandisha ni inchi nne, tuliambiwa likiwa kubwa ndo halizibi.

KibiriziKwetu

Wazungu hao. Wabongo tunatumia maji hatuna shida na pampu ya mtu 😂

FundiChemba

Pole mkuu, angalau umeeleza, wengi wanakujaga hapa na "pampu haifanyi kazi msaada tafadhali" basi.

Ila hujasema kitu kimoja, impela ya hiyo pampu, yaani lile gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji, ni ya namna gani? Maana pampu nyingi zinazouzwa madukani kama za majitaka ni za maji machafu tu, maji ya mvua, ya kufulia, yenye tope kidogo. Impela imebanana na ganda lake, nafasi ya kupitisha uchafu ni ndogo mno. Waipsi ya kwanza inashika ukingo wa bawa, ya pili inajizungusha kwenye ya kwanza, inakuja ya tatu, ukija kuivua unakuta zimesukana kama kamba ya nyavu, huchanui kwa mkono hata uwe na subira ya namna gani. Mota inapambana inavuta ampia nyingi, breka inaruka. Na ni afadhali iruke. Kuna mafundi wanabadilisha breka wanaweka kubwa zaidi ili "isisumbue", matokeo yake mota inaungua na kila unayemuuliza anakwambia pampu ilikuwa feki.

Angalia kibati cha pampu kimeandika inapitisha kitu cha milimita ngapi. Kama ni 10 au 20 hiyo haikuwa pampu ya choo tangu inatoka dukani. Ya choo tafuta inayopitisha kuanzia 50, na impela iwe ya volteksi, yaani impela imerudi nyuma kabisa ndani ya ganda, inazungusha maji na maji ndo yanabeba uchafu, uchafu wenyewe haupiti katikati ya mabawa. Inakula umeme zaidi kwa kazi ileile, siwafichi, ila kwa vitu vyenye nyuzi ndefu inavumilia kuliko zote za bei ya kawaida.

Kuhusu ya kusaga ntarudi, niko saiti.

MamaVyumba

Samahani nyie mafundi, mnakimbilia kwenye pampu kabla ya kuuliza waipsi inafikaje kwenye pampu. Nimesimamia usafi wa vyumba miaka mingi, Tabora na hapa Kigoma, naomba mnisikilize na mimi.

Kaka MtuWaBangwe nenda saivi chumba chochote, kaa kwenye choo (funga mfuniko ukae tu), nyoosha mkono. Unafikia ndoo ya taka? Sehemu nyingi ndoo iko chini ya sinki upande wa pili, au iko nje ya bafu, au ipo ila ni kale kandoo kadogo kasiko na mfuniko. Sasa mgeni ameshika waipsi imechafuka, na mwenzake yuko chumbani, kweli ainuke atembee nayo mpaka kwenye ndoo ya wazi ikae inanukia na kila mtu anaiona? Ataiflashi hata kama tangazo limeandikwa kwa dhahabu. Aibu inashinda tangazo.

Weka ndoo ya kukanyaga yenye mfuniko, mkono wa kulia wa choo au kushoto inategemea nafasi, lakini ifikike mtu akiwa amekaa. Ndani weka mfuko mweusi, mweupe unaonyesha. Na uwaambie wahudumu itolewe kila siku hata kama ina kitu kimoja, maana mgeni akifungua akakuta ya jana imejaa siku ya pili haitumii tena. Tangazo liwe dogo juu ya ndoo yenyewe, siyo kwenye mlango: "Waipsi, pedi na kondomu weka hapa". Mwambie aweke wapi. Hilo la "usitupe chooni" limekuwa kama "usikojoe hapa", watu wanalisoma wakiwa wanakojoa.

La pili shatafu. Ule mpira wa pembeni ya choo. Kama vyumba vyako havina, fundi bomba wa kawaida anafunga siku moja na bei yake ukilinganisha na pampu ni kichekesho. Mgeni mwenye maji karibu hahitaji waipsi nyingi hivyo.

La tatu hili mtanichukia. Wahudumu wenyewe. Wapo wanaofuta sinki na waipsi au kitambaa wanakitupa palepale chooni ili wasishuke nacho ngazi. Nyuzi za mopu nazo zinaenda hukohuko. Wewe unalaumu watalii kumbe adui ana kitambulisho cha loji yako.

KibiriziKwetu

Mama umeua 😂😂 adui ana kitambulisho

MtuWaBangwe

MamaVyumba nimeenda kuangalia. Chini ya sinki zote. Na vyumba vya chini vyote havina shatafu, vya juu vinazo. Nimekaa kimya nafikiria.

FundiChemba kibati kimefutika nusu ila kinasomeka milimita 25.

Swali la nyongeza, kuna waipsi zimeandikwa kwenye pakiti kwamba zinaflashika. Je tuwawekee wageni hizo?

FundiChemba

Usiweke. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, kata shingo ziwe pana. Moja tia tishu ya chooni, nyingine tia waipsi, hata hiyo iliyoandikwa inaflashika. Jaza maji nusu, ziba, tingisha kama unavyotingisha dawa ya mtoto. Tishu itageuka uji. Waipsi utaitoa, utaikamua, na ukitaka unaweza kufutia meza. Tishu ni nyuzi fupi za mti zilizoshikana zikiwa kavu, zikilowa zinaachiana. Waipsi nyuzi zake ni ndefu, nyingi zimechanganywa poliesta, zimesokotanishwa ili zikae na unyevu kwenye pakiti miezi na miezi bila kukatika. Kitu kimetengenezwa kisikatike kwenye maji, wewe unategemea kikatike kwenye bomba lako kwa dakika mbili?

Kuna chuo Kanada, Ryerson cha Toronto (siku hizi kinaitwa Toronto Metropolitan), mwaka 2019 walipima bidhaa 101 za kutumia mara moja, 23 kati yake zimeandikwa zinafaa chooni, na hakuna waipsi hata moja iliyoachana vizuri. Fanyia hilo jaribio la chupa mbele ya wahudumu wako, hotuba haitahitajika.

Na KibiriziKwetu usicheke wazungu peke yao, au wacheke vizuri. London mwaka 2017 walikuta kwenye mfereji wa majitaka chini ya Whitechapel bonge la mafuta na waipsi lenye urefu wa mita 250, uzito tani 130. Mpaka kipande kikawekwa makumbusho. Hao wana mabomba unaweza kutembea ndani, wewe una inchi nne.

DogoUjiji

Mbona mnazungusha, mwageni kosti soda kwenye chemba usiku asubuhi kila kitu kimeyeyuka. Au mshushe kijana na ndoo achote mara moja kwa mwezi, pale mjini vijana wa kazi hiyo wapo.

FundiChemba

DogoUjiji hapana, na hapana tena.

Kosti soda inakula mafuta na nywele, poliesta haiigusi kwa kiasi utakachomwaga wewe. Utakachofanikiwa ni kuua wadudu wanaofanya kazi ndani ya septiki, na kumchoma usoni fundi atakayevua pampu kesho yake.

Kushusha mtu ndo usirudie kusema kabisa. Kwenye chemba ya majitaka kunakuwa na gesi, ile ya harufu ya yai bovu. Ubaya wake ikizidi pua inaacha kuisikia, mtu anadhani hewa imekuwa nzuri kumbe ndo amebakiza dakika. Anaanguka, wa juu anaruka kumuokoa naye anaanguka, hivi ndivyo wanavyokufa wawili watatu shimo moja. Pampu inavutwa juu kwa mnyororo, mtu anabaki nje, umeme umezimwa kwenye swichi kuu na mwenye ufunguo wa swichi ni yule aliyeshika mnyororo. Msiivute kwa waya wa umeme, waya ukivutwa unaachia pale unapoingilia kwenye mota, maji yanaingia, pampu imekwisha. Kama chemba inahitaji kusafishwa chini, liite gari la kunyonya.

MchoraMabomba

Nimesoma kimyakimya, naomba niingie kwenye hilo bomba la inchi nne maana wote mmelipita.

"Kubwa halizibi" ni kweli kwa bomba la mteremko, maji yanateremka yenyewe. Kwa bomba la pampu mambo yanageuka. Majitaka yakipandishwa yanatakiwa yaende kasi ya angalau sentimita 70 kwa sekunde ndo uchafu ubebwe, chini ya hapo unatua njiani, waipsi zinalala kwenye kona na mafuta yanakuja kuzigandisha. Bomba la inchi nne kulipa kasi hiyo unahitaji kama lita 5.5 kila sekunde. Pampu ndogo ya fezi moja inayopandisha mlima haitoi hizo.

Usiniamini mimi, pima. Chemba yako ina upana gani? Tuseme mita moja kwa mita moja. Waambie vyumba vya chini visitumie maji dakika tano, washa pampu, chukua rula ndefu au fito uliyoitia alama, angalia maji yakishuka sentimita 10 yametumia sekunde ngapi, hizo ni lita 100. Zikitumia dakika nzima basi unapata lita 1.7 kwa sekunde. Kwenye inchi nne hiyo ni kasi ya sentimita 20 na kidogo, yaani uchafu unatembea kwa miguu. Kiasi hichohicho kwenye bomba la inchi mbili kinaenda sentimita 85.

MtuWaBangwe

Mkuu kwa hiyo niweke inchi mbili?

MchoraMabomba

Taratibu. Inchi mbili na pampu inayopitisha milimita 50 ni kubanana, kitu kinachopita kwenye pampu kitakwama kwenye bomba. Kwa ya volteksi mimi ningeenda inchi mbili na nusu, na hapo pampu mpya itoe angalau lita 2.3 kwa sekunde ikiwa imeshafika urefu wa kwenu. Usichague kwa hospawa, chagua kwa ile chati ya nyuma ya katalogi: urefu wa kupandisha upande mmoja, lita upande mwingine. Na kwenye valvu ya kuzuia maji yasirudi weka ya mpira wa duara, ile ya kibawa waipsi zinaning'inia kwenye bawa na haifungi tena, maji yote ya bomba yanarudi chemba kila pampu ikizima, inapandisha maji yaleyale siku nzima.

Ya kusaga ndo inaendana na bomba dogo, inchi moja na robo mpaka mbili. Ni pampu nzuri. Nisingeiweka kwako.

FundiChemba

Hapo tutabishana kidogo. Mimi nimezifunga, na sehemu nyingine ndo zimenusuru watu, hasa maji yakiwa yanapandishwa juu sana. Kwa nini kwake isifae?

MchoraMabomba

Sababu ni mchanga. Loji iko ufukweni, mgeni anatoka ziwani na miguu ya mchanga anaingia bafuni anaoga, mchanga wote unashuka chemba. Visu vya pampu ya kusaga vinataka ncha kali, mchanga unavila, vikiwa butu havikati waipsi tena vinaikunja tu, na hapo una pampu ya bei mbaya inayoziba kama ya zamani, na visu vipya unasubiri vije na treni kutoka Dar kama havijapotea njiani. Halafu tuseme imekata vizuri. Vile vipande vinaenda wapi? Septiki. Poliesta haiozi. Vitaelea juu na utando, vingine vitafika kwenye shimo la kunyonya maji vizibe kuta. Umehamisha tatizo kutoka kwenye kitu unachoweza kukivuta kwa mnyororo ukalipeleka ardhini ambako huwezi kulifikia.

FundiChemba

La mchanga nakubali kwa sehemu yake. La vipande kwenda septiki pia vinanyonywa na gari kama utando mwingine wowote, mradi asisubiri mpaka ifurike. Ila sawa, kwa bajeti yake volteksi nzuri mbili, moja inafanya kazi moja imekaa pembeni, ni bora kuliko ya kusaga moja. Pampu moja bila ya akiba kwenye loji ni kamari.

Niongeze floti, lile boya linaloiwasha pampu maji yakipanda. Waya wa floti nao unazongwa na waipsi, floti inashindwa kuinuka, chemba inajaa na pampu ni nzima kabisa haijui kama inahitajika. Wengi wanaita hiyo "pampu imeziba". Funga floti mbali na pale maji yanapoingilia, na weka nyingine juu yake ya kengele tu, ilie mapokezi maji yakizidi. Afu ile mbinu ya kuirudisha nyuma pampu ili iteme, wanabadilisha waya mbili za fezi, hiyo ni ya fezi tatu, yako haihusiki. Na hata ya fezi tatu angalia impela imefungwaje, iliyofungwa kwa kuzungushiwa kama kizibo inajifungua ikienda kinyume.

MzeeWaMawese

Vijana mmesahau jiko. Amesema jiko liko juu, je maji yake yanaenda wapi? Loji gani ya Kigoma haikaangi migebuka? Mawese yakiwa ya moto ni maji, yakishuka chini ya nyuzi 35 hivi yanaanza kuganda, na bomba la ardhini hapa kwetu halifiki joto hilo. Yanashika kwenye waipsi ndo linapatikana jiwe. Jenga kichemba cha kutega mafuta nje ya jiko kabla ya kuungana na kitu chochote, na kipakuliwe, maana nimeona vingi vimejengwa vizuri havijafunguliwa toka fundi aondoke.

MtuWaBangwe

Mzee shikamoo. Jiko linaenda moja kwa moja septiki, halipiti kwenye pampu. Ila kuna sinki la baa ya chini linaingia chemba, na wanaoshea sahani pale wikiendi. Hilo nalitoa.

Mrejesho: nimepima kama MchoraMabomba alivyoelekeza. Chemba ni mita moja kwa mita moja na ishirini, sentimita 10 imechukua kama dakika moja na nusu. Sijui hesabu yake vizuri.

MchoraMabomba

Lita 120 kwa sekunde 90, lita 1.3. Kwenye inchi nne hiyo ni sentimita 17 kwa sekunde. Bomba lako lina mali ya miaka yote ndani, kabla hujafunga pampu yoyote mpya lisafishwe kwa presha au libadilishwe, vinginevyo pampu mpya itaanza kazi kwa kusukuma uchafu wa zamani na utasema tumekudanganya.

MtuWaBangwe

Nimemuelewesha bosi, ya kusaga tumeiweka pembeni. Ndoo za kukanyaga na shatafu tunaanza nazo wiki hii kwa vyumba vya chini, bomba tunabadilisha kukiwa hakuna wageni wengi, pampu tunatafuta volteksi mbili. Amekuja na wazo lake pia, eti tujenge septiki mpya hukohuko chini ili pampu isiwepo kabisa.

MchoraMabomba

Mwambie asome Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, hairuhusiwi shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wasimamizi wa mazingira wa serikali watamfikia kabla saruji haijakauka. Na maji ya ardhini yalivyo juu hapo, septiki itakuwa inapokea ziwa.

MamaVyumba

Na ile mifuko ya kwenye ndoo iende kwenye gari la taka, nisije nikasikia inachomwa ufukweni au inatupwa kule nyuma mvua ikaisombe ziwani. Glovu kwa wahudumu usisahau kwenye bajeti, mnawapaga sabuni tu.

FundiChemba

Mnyororo nunua wa stenlesi. Huu wa kawaida wa dukani unaliwa na gesi ya chemba, siku ya kuvuta unabaki nao mkononi pampu ikiwa chini.